Darasa la Jumamosi la kusoma CT pale Ngara: lipa uende, lakini ujue unaenda kupata nini

Nianze na jibu ndio anayesoma akiwa kwa matatu asihangaike kutafuta huko chini. Kama unafanya kazi mahali picha zinakufikia kabla ya ripoti, yani wewe ni afisa wa kliniki wa emajensi, ama interni, ama nesi wa ICU, ama mtu wa eksirei aliyehamishiwa juzi chumba cha CT, ile mashine ya kupiga picha za mwili kipande kwa kipande, na bado anapiga picha bila kuelewa vizuri anachoona kwa skrini, hili darasa linafaa pesa yake yote. Kama unachotafuta ni kuandika ripoti, hapa si mahali pake, na wenyewe wanakwambia hivo siku ya kwanza kabla hujalipa awamu ya pili.

Darasa halina bango wala jina rasmi, watu wanaliita tu darasa la Jumamosi, na unalipata kwa kuambiwa na mtu wa idara ya eksirei ambaye naye aliambiwa na mtu. Liko Ngara, Nairobi, upande wa Park Road, chumba cha juu kwa jengo la maduka, chini wanauza nguo za shule na vipuri, na ukitoka tao unatembea unafika. Ada ni shilingi 8,500 kwa kozi nzima, unaweza kulipa mara mbili kwa M-Pesa, na chai ya saa nne na mandazi viko ndani ya hiyo pesa. Wanaofundisha ni wawili, radiolojisti mstaafu ambaye sote tunamwita Daktari na inatosha, na madam mmoja ambaye amekaa kwa mashine ya CT miaka mingi na anajua makosa yote ambayo binadamu anaweza kufanya akiwa amebonyeza kitufe.

Kwa nini mtu ajisumbue Jumamosi? Manake mashine zimetutangulia. Mpango wa serikali wa kukodisha vifaa vya matibabu wa 2015 uliingiza hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa, na kuna idara zilipata mashine mpya za picha wakati watu walikuwa wamezoea filamu za kusafishwa kwa dawa gizani. Hospitali za kibinafsi nazo ziko na CT mpaka huku mitaani. Lakini mtu wa kusoma ile picha mara nyingi hayuko kwa jengo, picha inatumwa kwa mtandao, ripoti inarudi baadaye, na katikati hapo uko wewe na kijana aliyeanguka na boda saa nane usiku, anatapika, na mboni ya jicho moja imeanza kupanuka. Hiyo dakika huhitaji kuwa profesa. Unahitaji kujua unachokiona ni nini na kilipaswa kukaa wapi, ndio umpigie daktari wa upasuaji wa ubongo ukiwa na sentensi moja iliyonyooka na si kumwambia “daktari, kuna kitu nyeupe hapa”.

Sasa tofauti ya hili darasa na mengine niliyopitia ni moja tu na ndio inanifanya niandike hivi vyote. Kwingine unaonyeshwa slaidi, kipande kimoja cha tumbo kimechaguliwa kizuri, mishale imewekwa, hili ni ini, hili ni figo, unaandika, unaenda nyumbani ukijiona unajua. Alafu unafika kazini unafungua skani ya mtu wa kweli, ina vipande mia tatu na hakuna mshale hata mmoja, na kile kipande kizuri cha kwa slaidi hukioni popote manake huyu mgonjwa ni mwembamba ama ni mnene ama amelala upande. Hapa Ngara hakuna mishale. Unapewa mausi mkononi, unafunguliwa skani nzima kutoka juu mpaka chini, na unaambiwa: shika kitu kimoja, kifuate mpaka kiishe. Ndio mtaala mzima huo. Ukishika aota, ule mshipa mkuu wa damu unaotoka kwa moyo, unashuka nayo, unaona tawi linatoka unalitaja, unaendelea mpaka inapogawanyika mara mbili pale kwa pingili ya nne ya kiuno, alafu unapanda tena juu. Ukipotea unarudi ulipokuwa na uhakika. Kiungo kwa CT hukijui kwa sura yake, unakijua kwa kilikotoka na kinakoenda na majirani zake, na hii kitu hakuna slaidi inaweza kukufundisha.

Kipindi cha kwanza hakina kiungo hata kimoja na kuna watu walinung'unika, mimi naona ndio kipindi kilipangwa vizuri kuliko vyote. Wanaanza na upande. Picha ya CT unaiangalia kama umesimama miguuni pa mgonjwa naye amelala chali, kwa hivyo kulia kwake ni kushoto kwako, ini liko mkono wako wa kushoto na wengu mkono wa kulia. Kila mtu anasema anajua hiyo. Alafu Daktari anaweka eksirei ya kifua moyo umelalia upande usiofaa, darasa zima linaanza kutaja lile jambo nadra la moyo kuwa kulia, na yeye anangoja wamalize, anauliza polepole, “Alama ya upande iko wapi?” Alama ilikuwa kwa kona, na ilikuwa inaonyesha picha imewekwa kinyume. Tangu hapo hakuna mtu alifungua picha pale bila kutafuta alama kwanza.

Alafu wanaingia kwa rangi. Daktari anapenda historia, anakupeleka London, tarehe 1 Oktoba 1971, hospitali ya Atkinson Morley, mgonjwa wa kwanza kupigwa CT ya kichwa, mashine imetengenezwa na Godfrey Hounsfield, injinia wa kampuni ya EMI, na mwaka wa 1979 akapewa Nobeli pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alikuwa amepiga hesabu zake mbali kabisa na Hounsfield. Haya hayasemwi ya kupamba. Jina la Hounsfield ndilo kipimo tunachotumia kila siku, na Daktari anakufanya ukiseme kwa kichwa mpaka kikae: maji ni sifuri, hewa ni hasi 1,000, mafuta yako karibu na hasi 100, damu iliyoganda juzijuzi iko kati ya 50 na 80 hivi, mfupa mgumu unaenda mamia mpaka kupita 1,000. Ukishajua hizo namba unaelewa kwamba weupe na weusi wa picha si rangi ya kitu, ni namba imepewa rangi, na wewe ndio unaamua ni namba zipi zionekane. Hapo ndio dirisha linaingia.

Hii ya dirisha wacha nikae nayo kidogo. Jicho lako haliwezi kutofautisha maelfu ya vivuli vya kijivu, kwa hivyo kompyuta inachukua namba chache tu na kuzitandaza kutoka nyeusi hadi nyeupe. Kwa ubongo wanatumia upana wa 80 na katikati 40. Kwa tumbo upana 400, katikati 40 ama 50. Kwa mapafu upana 1,500, katikati hasi 600. Madam alitufungulia kichwa cha mzee aliyeanguka bafuni, kwa dirisha la ubongo, akasema tafuteni. Tulipitia vyote, ventrikali, vile vyumba vya maji ndani ya ubongo, ziko sawa, katikati hapajasogea, hakuna damu ndani ya ubongo, karibu kila mtu akaandika kawaida. Akasema haya, msiguse kipande, gusa dirisha peke yake, akapanua kutoka 80 mpaka karibu 200. Na hapo hapo, palepale tulipokuwa tumeangalia, kukatokea utepe mwembamba wa damu umelala kando ya fuvu upande mmoja kutoka mbele mpaka nyuma. Ulikuwa hapo wakati wote. Kwa dirisha la kwanza damu na mfupa vyote vilikuwa vimefika weupe wa mwisho, kwa hivyo vikaonekana kitu kimoja, ukafikiri ni fuvu nene kidogo. Nesi mmoja wa kule nyuma akasema “Mungu wangu” kwa sauti na hakuna aliyecheka.

Kichwa chenyewe kinafundishwa vipindi viwili na ni vizuri sana. Wanakuanzisha chini kwa tundu la uti, unapanda, na kila ngazi ina kitu kimoja cha kukitafuta. Pale chini ya ubongo kuna ile nafasi ya maji yenye umbo la nyota, inatakiwa iwe nyeusi, ikiwa nyeupe hiyo ni damu na unapiga simu sasa hivi, ikiwa imefinywa haionekani pia unapiga simu manake ubongo umevimba unashuka. Ukipanda unafika kwa ventrikali za pembeni, na kichwa cha kodeti kimelala ubavuni mwa pembe ya mbele, thalamasi ziko huku na huku za ventrikali ya tatu, na kati ya thalamasi na kiini cha lentifomu kilicho nje yake kuna kapsuli ya ndani, ule mstari mwembamba ambao kiharusi kidogo tu hapo kinaweza kumlaza mtu upande mzima. Juu kabisa wanakufundisha kutafuta ule mkunjo wa ubongo unaoamuru mkono, unaotengeneza umbo la omega, ukiupata umejua mfereji wa kati uko wapi na mbele yake ni sehemu ya kuamuru misuli.

Kitu nilipenda zaidi hapo ni vile walivyochukua muda kwa nyeupe isiyo mbaya. Kijana mmoja, nafikiri ni interni, alisimamisha picha akauliza, “Daktari samahani, hii hapa katikati si damu?” Mzee hakumjibu, akamwambia, “Kijana, weka mshale juu yake usome namba.” Namba ilikuwa inapita 100. Damu haifiki hapo. Ilikuwa tezi ya pineali imeingia chokaa, kitu cha kawaida kabisa kwa mtu mzima, na akamwonyesha ile nyingine ndani ya ventrikali za pembeni nyuma, koroidi pleksasi, nayo ina chokaa huku na huku. Sasa fikiria ni wagonjwa wangapi wamekimbizwa usiku kwa ambulensi kwenda hospitali kubwa kwa sababu ya chokaa, familia imechangishana, alafu wanarudishwa asubuhi. Hiyo namba moja peke yake imelipa ada.

Lakini mahali pesa yangu ilirudi mara mbili ni tumbo. Kila mtu anaogopa kongosho. Ini huwezi kukosa, wengu huwezi kukosa, figo hata mtoto atakuonyesha, lakini kongosho limelala mshazari, mkia uko juu na kichwa kiko chini, kwa hivyo kipande kimoja hakikuonyeshi lote, na kwa mtu mwembamba asiye na mafuta tumboni linashikana na utumbo huoni mwisho wa hili na mwanzo wa lile. Madam haanzi na kongosho. Anaanza kwa wengu. Anakwambia nenda pale kwa mlango wa wengu, tafuta vena inayotoka, ile nene, sasa ifuate ikielekea katikati ya mwili na usiiachilie. Ukiwa unaifuata angalia mbele yake tu, kile kitu kimeilalia kwa mbele njia yote ndio kongosho, huo ndio mkia, huo ndio mwili. Endelea. Vena inafika katikati inakutana na nyingine inayopanda kutoka chini, ile ya mesenteri, zinaungana zinakuwa vena pota inayoenda kwa ini, na hapo mbele ya hayo makutano ndio shingo ya kongosho. Sasa shuka na ile vena ya mesenteri, kulia kwake kuna kichwa cha kongosho kimekumbatiwa na duodeni, yani mwanzo wa utumbo mwembamba, na kuna kipande kinapinda kupita nyuma ya vena kama ndoano. Umemaliza. Wakati huo wote hujatafuta kongosho hata mara moja, umefuata mshipa.

Na ukiwa hapo hapo unaongezewa: ateri ya mesenteri iko kushoto kwa vena yake, imezungukwa na kola ya mafuta, na nyuma yake kati ya hiyo ateri na aota utaona vena ya figo la kushoto inapita kuelekea vena kava, ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwa moyo. Ukishaona mpangilio huo kwa wagonjwa wa kutosha unakuwa na mahali pa kuanzia hata kwa tumbo lililoharibika. Ini nalo wanakugawia sehemu nane kwa mpango wa Couinaud, Mfaransa aliyeuandika miaka ya 50, na badala ya kukukaririsha namba wanakuambia vena tatu za ini zinagawa kwa wima, vena pota inagawa juu na chini, jihesabie mwenyewe. Nilijihesabia kwa karatasi ya mandazi na nikapata.

Kidole tumbo pia wanakifundisha kwa njia hiyo ya kufuata. Usikitafute peke yake kule chini utachanganyikiwa na utumbo mwembamba. Pata utumbo mpana, shuka nao upande wa kulia mpaka unapoishia, pata valvu mahali utumbo mwembamba unaingilia, ina mafuta kwa midomo yake, alafu shuka kidogo upande ule ule wa valvu, shina la kidole tumbo liko hapo. Ukilipata fuata mpaka ncha, manake ncha inaweza kwenda popote, na upana wake kwa kawaida hauzidi milimita 6 hivi.

Alafu kuna ile ya wengu wenye mistari, ambayo naamini kila mtu wa emajensi anafaa kuijua kabla ya kumwita mtu wa upasuaji. Ukipiga picha mapema baada ya kudunga kontrasti, ile dawa ya kung'arisha mishipa, sekunde kama 30 hivi, wengu unaonekana una mistari mistari kama punda milia na unaweza kuapa umepasuka. Haujapasuka. Damu inapita kwa wengu kwa mwendo tofauti sehemu na sehemu, ukingoja mpaka sekunde 70 mistari inapotea. Madam alituonyesha mgonjwa yule yule kwa nyakati zote mbili, bega kwa bega, na hapo nikaelewa kwa nini anasisitiza usome muda wa kontrasti kwanza kabla ya kusoma kiungo.

Kifua kinaenda haraka kuliko nilivyotaka lakini hakikosi kitu cha maana. Eksirei ya kawaida kwanza, nusu ya kulia ya kiwambo, ule msuli kati ya kifua na tumbo, inakaa juu kidogo kuliko ya kushoto, mzizi wa pafu la kushoto uko juu kidogo kuliko wa kulia, moyo usizidi nusu ya upana wa kifua kama picha imepigwa kutoka nyuma kwenda mbele. Na ule mtego wa mipaka kupotea: kama ukingo wa kulia wa moyo umefutika, tatizo liko kwa sehemu ya katikati ya pafu la kulia, kama kiwambo kimefutika basi ni sehemu ya chini. Kwa sisi ambao siku nyingi tuna eksirei pekee na hakuna CT, hiyo ni dhahabu.

Sasa lawama, na ziko. Nyonga ni dhaifu. Nyonga ya mwanamke ilipitiwa kwa nusu saa watu wakiwa wamechoka, na hiyo si haki ukizingatia ni wagonjwa wangapi wanawake tunaona kwa maumivu ya chini ya tumbo. Altrasaundi ilitajwa tu, kipindi kimoja mwishoni, bila mashine, video ya mtu akisogeza proba, na altrasaundi ndio wengi wetu tunayo kila siku, hata zahanati za mtaani ziko nayo. Waseme ukweli kwamba hawaifundishi ama walete mashine. MRI, zile picha za sumaku, walionyesha ubongo na goti, ukaelewa tu kwamba mafuta na maji yanabadilishana weupe kulingana na aina ya picha, basi. Watoto hakuna kabisa, na kichwa cha mtoto mchanga si kichwa cha mtu mzima kilichopunguzwa, kina mishono iliyo wazi ambayo mtu akikosa kuijua ataiita mvunjiko. Niliwaambia hiyo kwa mdomo na naiandika hapa tena.

Kompyuta ni chache kwa watu waliolipa. Mnakaa watatu kwa moja na yule mwenye haraka anashika mausi hawezi kuachilia, na kwa darasa ambalo nguvu yake yote ni mausi mkononi hilo ni pengo kubwa. Wapunguze watu ama waongeze mashine. Mwanga wa dirisha nao unapiga skrini mpaka saa tano, unajaribu kutofautisha kijivu na kijivu na jua liko juu yake, pazia la shilingi mia chache lingemaliza hayo maneno. Karatasi za kozi ni fotokopi za fotokopi, picha zimekuwa madoa meusi, afadhali hata wasizipe. Na cheti cha pointi za CPD, yani za masomo endelevu ya kazi, kilichukua muda mrefu kufika mpaka watu walikuwa wanalia kwa sababu leseni zinakaribia kuisha.

Mahali siwezi kuwalaumu ni kwa heshima ya wagonjwa. Kila skani imetolewa jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali kabla ya kuingia darasani, na siku ya kwanza wanakusomea kuhusu sheria ya kulinda data ya 2019 na wanakukataza kupiga skrini picha kwa simu. Mmoja alijaribu, akaambiwa afute mbele ya watu. Tunavyojua picha za wagonjwa zinavyozunguka kwa makundi ya WhatsApp, nilifurahi.

Mtu ataniuliza, si haya yote yako bure mtandaoni? Mengi yapo, na nawashauri wasiokuwa na 8,500 wasikae tu. Radiopaedia iliyoanzishwa 2005 na Frank Gaillard wa Australia iko na kesi nyingi ambazo unaweza kuskroli kipande kwa kipande bila kulipa, na kwa laptopu ya kawaida inafungua, ila bando litaisha haraka kwa hivyo tafuta mahali pa waifai. Tofauti ni kwamba mtandaoni kesi mara nyingi inakuja na jibu, umeandikiwa hapo juu ni ugonjwa gani, jicho linaenda moja kwa moja kwa ugonjwa na huangalii vile vingine vyote vilivyo sawa. Pale Ngara nusu ya skani ni za watu wazima wa afya, makusudi, ndio ushibe kawaida kwanza. Na hakuna mtandao utakuuliza “umejuaje?” Daktari anauliza hiyo kwa kila jibu, hata likiwa sahihi. Ukisema hii ni yureta, mrija wa mkojo kutoka kwa figo, anakuuliza umejuaje si mshipa, na unapaswa kumpandisha mpaka kwa figo na kumshusha mpaka inapovuka mbele ya mishipa ya nyonga ndio akubali.

Wenzangu mliopitia maiti pale Chiromo, kwa anatomia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mtakuja na faida manake mkono unakumbuka, lakini msijiamini sana, mwili uliolala mezani umefunguliwa kutoka mbele na huu umekatwa kama umepita katikati yake, na wengi niliokaa nao walichukua muda kugeuza kichwa. Waliotoka KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, upande wa eksirei walikuwa wepesi zaidi yao kwa CT, hiyo niliiona kwa macho, wanajua pembe na wanajua mgonjwa alilala vipi. Kwa hivyo mtu wa eksirei usiogope kuingia darasa lenye madaktari.

Nani asiende? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye bado hajajua vena kava iko upande gani wa aota, utapotea, soma atlasi kwanza. Mtu anayetaka altrasaundi, tafuta kwingine kwenye mashine na mgonjwa. Na mtu anayefikiri akitoka hapo atampinga radiolojisti kwa ripoti, Daktari alilisema hilo wazi kwamba kujua mahali kitu kiko na kujua ni ugonjwa gani ni kazi mbili, na hii ya pili ina miaka yake ya kusomea.

Kundi linalofuata wanaanza tena wakishapata watu wa kutosha, ulizia kwa idara ya eksirei popote ulipo, kuna mtu atakuwa na namba. Ukienda fika mapema kabla ya saa tatu uchukue zile kompyuta mbili za ukutani ambazo jua halizifikii, beba laptopu yako kama unayo na uombe wakuwekee programu ya kusomea picha siku ya kwanza, na mkubaliane mapema na mtakaokaa nao kwamba mausi inazunguka, kila mtu skani moja.